Meza Yenye Moyo

Jumanne, 4 Machi

Mafua, siku ya sita. Pua imefunguka, kikohozi kimebaki cha kuazima. Sikio la kulia ndilo limegoma — limeziba kabisa, kama mtu katia pamba akasahau kuitoa. Mzee, mume wangu, anasema nipumzike. Nipumzike! Miaka thelathini na moja ya ukunga, leo nilazwe na kamasi? Akanitia matone ya mafuta ya uvuguvugu sikioni. Nimemwachia tu, naye apate la kujisifia. Sikio halikusaidika, ila shingo inang'aa.

Kazini nimetumia sikio hilohilo. La kushoto sijalizoesha. Nikiweka pembe ya kusikilizia upande huo ni kama nimevaa viatu vya kupishana. Na pembe siiachi. Kipande cha mbao tu, upande mmoja tumbo la mama, upande wa pili sikio langu, na moyo wa mtoto nauhesabu kama hela ya mkononi. Mwaka juzi walituletea mashine yenye spika. Nikawaambia wapeleke wodi ya jirani, sisi huku tuna masikio. Wakacheka. Lakini wakapeleka!

Jumatano, 5 Machi

Leo ni ya kuandika kwa wino mzito.

Kitanda cha pili, binti wa mimba ya kwanza, uchungu unakwenda vizuri. Saa tano naweka pembe — themanini na nane. Mtoto anatakiwa avuke mia na kumi! Nikamshika mama mkono, kama ninavyowafundisha wote, nisije nikahesabu mapigo yake nikadhani ya mtoto. Yake mia na nne. Basi si yake. Nikahesabu upya: themanini na nane, themanini na tisa. Nikamwita daktari kwa sauti ya kuamsha jengo.

Ndani ya dakika kumi na mbili mama yuko chumba cha upasuaji. Daktari akasema asikilize kwanza kwa ile mashine ya jirani kabla hajashika kisu. Mia na arobaini. Akasema mtoto kazinduka, pengine alikuwa kakandamiza kamba ya kitovu. Wakamrudisha wodini, na saa nane kajifungua mwenyewe. Msichana, kilo tatu na robo, kilio cha kutikisa madirisha.

Mkuu wa wodi — tunamwita Kengele, ukimsikia hutauliza kwa nini — katangaza mbele ya watu kwamba mtoto kafika ukingoni, nami nikamvuta. Daktari kanipa mkono. Mama mtu kanishika aproni hataki kuiachia. Anasema mtoto atachukua jina langu. Nimerudi nyumbani kichwa juu, nikajikwaa kizingitini.

Alhamisi, 6 Machi

Habari imefika jikoni, duka la dawa, hadi kwa walinzi wa geti. Ijumaa ijayo napewa cheti, na mama na mtoto wataalikwa. Mzee keshapima ukuta wa sebuleni, anataka fremu ya dhahabu. Nikamwambia si lazima. Nikamwonyesha pa kupigilia msumari.

Sikio bado.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa naisafisha pembe mezani. Nikaona nijaribu kama sikio limeanza kufunguka, nikaisimamisha pembe juu ya meza, nikainama, nikaweka sikio. Nikasikia moyo.

Moyo! Ndani ya meza!

Nikainua kichwa. Nikatazama chini ya meza, mtu mzima mimi. Nikainama tena. Tu-tu-tu, safi kabisa. Nikahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani: themanini na sita. Nikajishika kifundo cha mkono. Themanini na sita. Yanakwenda pamoja, hakuna pigo linalompita mwenzake.

Nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Jumatano nilihesabu moyo wangu, nikampeleka mtoto wa watu chumba cha kisu. Mkono wa mama niliushika. Wangu sikuwahi kufikiria kuushika — nani angefikiria?

Mzee kauliza kama nalia. Nikasema mafua.

Jumapili, 9 Machi

Sijasema. Yule mama kapiga simu kushukuru. Nikashukuru kushukuriwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Kijana, mpole, kaninyanyasa kwa adabu zote. Kauliza nani katia mafuta. Nikasema mume. Kauliza na kazi yangu ni ipi. Nikamwambia. Akaandika polepole sana.

Anasema virusi vya mafua vimevimbisha kile kimrija kinachotoka nyuma ya pua kwenda sikioni. Hewa haipiti, ute umejaa nyuma ya kiwambo cha sikio. Sauti za nje zinazama, zako za ndani zinapanda juu: kutafuna, kumeza, mapigo. Kisha akagonga uma wa chuma wenye meno mawili, akanisimikia kwenye paji la uso, akauliza nausikia upande gani. Kulia! Upande uleule mbovu. Nikadhani nimefeli mtihani. Kumbe hiyo ndiyo habari njema — ni ute, si mshipa wa fahamu. Ungelia kushoto, kasema, tungekimbizana na siku, maana virusi vikigusa mshipa kila siku ya kungoja ni hasara. Mimi nimengoja zaidi ya wiki. Nimeponea kwa bahati, si kwa mafuta.

Nirudi baada ya wiki sita apime tena. Wengi hufunguka wenyewe, wengine huchukua miezi mitatu, wachache huhitaji kutobolewa kitundu. Mpaka hapo nisisikilize tumbo la mtu kwa sikio hilo.

Mlangoni nikamuuliza kama mtu mwenye sikio hili anaweza kusikia moyo wake akadhani ni wa mwingine. Akasema anaweza, kwa nini? Nikasema nimeuliza tu.

Jumatano, 12 Machi

Barua ya kwanza kwa Kengele nimeichana. Ya pili ilisifia miaka yangu thelathini na moja kurasa mbili kabla ya kufika kwenye kosa. Nimeichana. Ya tatu mistari sita. Nzuri! Mkunga mwingine angeificha hii mpaka kaburini. Mimi naipeleka, na naona fahari kuipeleka, na naogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne kasoro. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Kengele. Barua iko ndani, anaisoma. Ng'ambo ya ukumbi wanapanga viti vyangu.

Mama wa kitanda cha pili kafika mapema na mtoto wake. Kakaa kushoto kwangu, bahati. Sikutaka asikie kwa kipaza sauti. Nikamwambia yote: mafua, sikio, meza.

Akamvuta mtoto kifuani. Kisha: "Kwa hiyo mama, moyo wake haukutaka kusimama?"

"Haukupungua hata pigo moja. Ulikuwa mzima tangu mwanzo. Niliousikia ni wangu."

Akaniambia tangu atoke hospitali hawalali. Yeye na mumewe wanapeana zamu, mkono kifuani mwa mtoto. Akilala sana wanamwamsha. Walisikia kwa masikio yao kwamba alifika ukingoni.

Mimi nilikuwa napigilia msumari wa cheti.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

Akahesabu kwa vidole. "Siku sita." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nikamwomba radhi, na jina nikamwambia asiliweke. Akanipakatisha mtoto, akaegemeza kichwa ukutani — nikadhani anafikiri. Kumbe kalala! Kinywa wazi, kiatu kimemvuka.

Naandika kwa mkono mmoja. Mtoto naye kalala, hakuna anayemwamsha. Nimesifiwa kwa mengi maishani, na hili hakuna atakayenisifia, lakini nimekaa hapa nimejaa fahari hadi kooni, na haya zimo humohumo.

Mlango umefunguka. Kengele ananiita, barua mkononi, uso siusomi. Nikiinuka mama ataamka.

Anaita tena. Mwache aite.