Walisema Mnaomba Mawe

Evo, mdogo wangu,

Philbert amemzika mama yake, Ma Yustina, juzi, na mimi sikwenda. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwake, maana sasa mko naye huko, na najua atakueleza kwa upole kama alivyoeleza kila kitu maisha yake yote. Mimi upole sina. Ule kidogo ulioniachia umekwisha.

Nakuandikia hapa kibandani kwangu, stendi ya Kayanga. Ndizi ziko jikoni, nyama bado ngumu, na bodaboda wenzako wameshakunywa chai wakaenda zao. Pale ulipokuwa unaegesha, kwenye ukuta wa duka la pembejeo, wamepaacha wazi mpaka leo. Akija mgeni akaegesha wanamtoa kwa maneno ambayo hata mimi nayaogopa.

Ninachotaka ni kitu kimoja, Evo, na ukikijua hicho utaelewa mengine yote niliyofanya. Nataka Philbert aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba alijua anakupeleka vitani. Sitaki pole yake. Sitaki mbuzi wake. Aseme.

Maana angekuwa mtu wa mbali nisingeumia hivi. Lakini Philbert ni wa kwetu Songambele, shamba la kwao na letu yametenganishwa na mstari wa migomba tu, mlipata kipaimara siku moja mkiwa mmevaa mashati ya kuazima. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akakaa kwenye benchi langu hili, akala ndizi zangu, akasema kuna kiwanda Urusi kinatafuta madereva na wabeba mizigo. Akatuonyesha picha za vitanda vimetandikwa vizuri. Mimi nikamuuliza, kiwanda cha nini? Akacheka, akasema Dada na wewe unauliza kama polisi.

Na wewe ukaamini, wewe wakili wa Mrusi! Loo, jinsi ulivyokuwa unatusumbua na vita hivyo! Ulikuwa unachora ramani kwenye meza yangu kwa mchuzi, huu mto, hili handaki, hiki kijiji Mrusi kakichukua jana. Ukitoka hapo mwenzako wa upande wa Ukraine anakuja anafuta mto wako kwa kitambaa, mnaanza upya, na chai inapoa. Siku ile ulinionyesha kifaru kwenye simu, kimejengewa chanja za chuma juu na pembeni, ukacheka mpaka ukapaliwa. Ulisema, "Dada, tazama, wamekijengea kifaru banda la kuku!" Kisha ukanieleza kwamba ni kwa sababu ya droni, vile vidude vidogo vya kuruka, kwamba kimoja tu kikiingia kwa juu, chuma chote kile kinageuka tanuri. Nakumbuka pia ulivyosema kuhusu matangazo yao. Kila upande kila siku unadai umelipua vifaru vya mwenzake, umeangusha droni zote, umeua kikosi kizima. Ukasema, "Ukijumlisha madai yao, hakuna aliyebaki wa kupigana." Ulikuwa na akili, mjinga wewe. Kwa nini hukuitumia siku ya kupanda ile ndege?

Sauti zako zote bado ninazo kwenye simu. Ile ya kwanza unashangaa theluji. Ile ya pili huongei vizuri, unasema wamewapa sare, na karatasi mliyosaini ina lugha yao tupu. Halafu ile ya tatu. "Dada, wameuliza nani anajua kuendesha pikipiki. Nikanyoosha mkono." Nilicheka, Mungu wangu. Nilikuwa nakoroga maharage, nikawaambia wenzako, jamani Evo kapewa boda Urusi! Tulidhani unasambaza chakula. Hatukujua kwamba siku hizi huko watu wanapelekwa kuvamia mahandaki juu ya pikipiki, kwa sababu kifaru kinaonekana toka mbali na droni zinakipenda. Pikipiki ni nyepesi, na anayeiendesha ni wa bei rahisi.

Na ya mwisho, unanong'ona. "Ni mtumba, Dada, haina namba, haina kofia. Tunapakizana wawili, mmoja anaendesha, mmoja anatazama juu. Huku abiria halipi." Hata pale ulitania. Nimeisikiliza mpaka najua unapovuta pumzi.

Kisha kimya.

Sasa nikueleze tulivyojua, maana hakuna aliyekuja kutuambia, hakuna simu, hakuna mtu wa serikali yoyote. Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa. Kijana mmoja mgeni, aliyekuja kuendesha boda hapa kutoka Geita, alikuwa na simu, wenzake wamemzunguka. Mimi niliwapa mgongo, napakua. Nikasikia jamaa wa mtandaoni, mwenye sauti ya mnada, anatangaza vita kwa Kiswahili kama anatangaza mpira. Pikipiki hizo zinakuja! Droni hiyo inashuka! Kishindo. Halafu mtu analia. Mtangazaji akacheka, akasema mnasikia wenyewe, ndugu watazamaji, Mrusi kaishiwa risasi, askari wake wanaomba mawe warushe! Yule wa Geita akacheka naye, akairudisha nyuma ili wote wasikie.

Mawe. Mawe. Mawe weee.

Evo, kila mtu aliyezaliwa huku aliacha kula. Mmoja alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sahani. Yule mgeni akatutazama mmoja mmoja, hajui kafanya nini, na mimi nikageuka na upawa mkononi mchuzi unanidondokea mguuni. Kwa sababu sisi huku mtu akiumia haiti mawe ya kurusha. Anamwita mama yake kwa Kinyambo.

Na ilikuwa sauti yako. Nimekulea, mimi ndiye niliyekutoa miiba. Hakuna wa kuniambia si yako.

Nilimnyang'anya simu nikatazama. Uwanda wa tope, pikipiki zimelala, moja inawaka, deraya moja pembeni imepasuka kama chungu. Baadaye wenzako walinitafutia, wakaikuta video hiyohiyo kwingine. Upande mmoja umeandika kikosi chote cha pikipiki kimeteketezwa. Upande mwingine umeandika wapanda pikipiki wao mashujaa wamevunja ngome na wote wako salama. Tope lilelile, moto uleule. Mmoja anajisifu kakuua, mwingine anajisifu umeshinda, na kati yao hakuna hata mmoja anayejua unaitwa nani. Shenzi kabisa, wote wawili. Lakini hao wako mbali, mkono wangu hauwafikii. Philbert unamfikia.

Nilimfuata siku hiyohiyo, aproni bado kiunoni. Unajua alisema nini? Alisema nisiamini vitu vya mitandaoni. Alisema vita vyote ni propaganda, kwamba ile video ni gemu la kompyuta, watu wanatengeneza ili wapate watazamaji. Alisema wewe uko kiwandani, simu yako imeharibika tu. Yaani uongo wa vita ameufanya mwavuli wake, anakaa chini yake hanyeshewi! Nikamwambia sawa, Philbert. Nikamwambia asante. Aliponiona natabasamu alipaswa kukimbia.

Maana nilikuwa nimeshasikia kuna vijana wengine wawili, wa hapohapo Songambele, wazazi wao wameshauza ng'ombe wapate nauli. Ikafanyika sherehe ya kuwaaga, mchana baada ya ibada, turubai limefungwa, Philbert yuko meza kuu na shada la maua shingoni kama bwana harusi. Nikavaa kitenge kizuri, nikaenda. Walipofika kwenye zawadi nikapanga foleni na wenye mashuka na masufuria. Mshehereshaji akanipa kipaza sauti, nikasema, "Shikamooni wazazi, mimi nimeleta sauti." Nikaiweka simu kwenye kipaza.

Ukalia Songambele nzima, Evo. Walikusikia mpaka barabarani.

Mama wa kijana mmoja alikuwa amebeba sinia la ndizi. Aliliachia. Akauliza, "Mawe! Huyu ni mwana wa nani?" Nikamwambia huyu ni mwana wa Mama yangu, na kesho ni wa kwako. Philbert akasimama, mikono juu, akaanza nyimbo zake, ndugu zangu hili ni gemu tu, ni gemu la kompyuta. Nikamuuliza kwa kipaza sauti, "Gemu limejifunza lini Kinyambo, Philbert?"

Wale vijana hawakwenda. Mabegi yao yalifunguliwa palepale, na mama mmoja akampiga mwanawe kofi kwa furaha na hasira pamoja. Philbert alitokea nyuma, kupitia migombani, lile shada bado shingoni. Nilifurahi. Usinifundishe unyenyekevu, nilifurahi sana.

Lakini hakusema. Hata siku ile hakusema kwamba alijua. Nilikwenda polisi nikaandikisha maelezo, na hiyo kesi ina miguu yake, itatembea itakavyotembea. Mimi nina yangu. Nikaenda kwenye kikao cha kikundi cha kufa na kuzikana, nikasimama, nikauliza wazee: mtu aliyetunyima maiti yetu, tutakuja kubeba maiti zake kwa mabega gani? Wakanong'ona, wakakohoa, mwisho wakamfuta kikundini. Wazee ndio hao hao waliotaka tuzike shina la mgomba badala yako ili matanga yaishe, na Mama akawaambia yeye hakuzaa mgomba. Basi.

Nilipomfutisha nilikuwa nawaza siku yake yeye. Sikumwaza Ma Yustina. Yule mama aliyekubeba mgongoni Mama alipougua, aliyekufichia senene kwenye kikombe kila msimu ili wakubwa tusikumalizie. Ndiye aliyetangulia. Alianguka shambani kwenye kahawa, hakuamka.

Na hakuna aliyekwenda, Evo. Wala kuni, wala maji, wala jembe. Mchungaji alikuja kwangu, akaniambia nikisema neno moja tu watu watakwenda, kwa sababu wote wananitazama mimi. Nikamwambia, shikamoo Mchungaji, karibu chai. Akaelewa, hakunywa.

Nilikuwa nyumbani Songambele siku hiyo, namenya ndizi uani. Toka pale unasikia kila kitu cha kwao. Nilimsikia Philbert anachimba kaburi la mama yake peke yake. Ardhi ni kavu sasa. Anachimba, anapumzika, anachimba. Nikaendelea kumenya. Ndizi zikaisha nikatafuta nyingine.

Mama yetu alikwenda. Aliinuka, akajifunga kanga, akapita mbele yangu, na mimi sikuthubutu kumzuia. Alimwosha Ma Yustina, akamvalisha. Aliporudi upindo wa gauni umejaa udongo, akaniambia, "Nimemzika mwenzangu. Philbert sikumzika, huyo nimekuachia." Kisha akaniambia lililotokea. Philbert akiwa bado ndani ya shimo, jasho na machozi havitofautiani, alimwambia Mama, "Nilijua ni jeshini. Tangu kijana wa kwanza nilijua." Na Mama akamjibu, "Chimba, bado fupi."

Kwa hiyo amesema. Amemwambia mama mmoja, ndani ya shimo, pasipo na mtu. Na jioni ya siku ile akaja mpaka kwenye mpaka wetu, akapiga magoti kwenye majani makavu, akaniita Dada. Wanasema nilipaswa kuguswa. Niliguswa, sikatai. Nilimwona jinsi mikono ilivyochubuka, nikakumbuka ninyi wawili mkiwa watoto, mkiteleza kwenye magome ya mgomba. Nililia. Nililia huku nimesimama wima, na nilipomaliza nikamwambia hivi: Philbert, una kaburi la kwenda kumlilia wako. Sisi tuna video. Ulichomwambia Mama ndani ya shimo, kakiseme juu ya ardhi, kwa hakimu, na kwenye turubai kama lile, na kwenye hiyo simu yako unayowaitia vijana, utaje na waliokutuma. Mpaka siku hiyo, ukipiga magoti hapa unaumiza magoti tu.

Akaondoka. Hajasema bado. Watu wameanza kuchoka, Evo, nakwambia ukweli. Wananiambia Koku inatosha, mwenzako kafiwa, sote ni wa Mungu. Jana mmoja ameeneza kwamba nimempelekea Philbert ndizi. Nikamfuata mpaka Rubwera, dukani kwake, nikamuuliza aliziona za rangi gani.

Haya, nyama imeiva, na wenzako watarudi na njaa. Msalimie Ma Yustina. Mwambie nilimpenda na nisingeweza kuja. Akikasirika ana haki. Wewe lala, mwanangu, maana mdogo niliyemlea ni mwanangu. Nakuahidi atasimama mbele za watu, na nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Na ukisikia huko uliko, kwa yeyote yule, hata kwa malaika, kwamba nimemsamehe kabla hajasema, usiamini.

Dada yako,
Koku