Siku Tuliyompoteza Rehema Bwawani

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, na meseji zangu unazisoma kisha unanyamaza. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii na kuiweka kwenye kundi la ukoo, wote waisome pamoja na wewe. Nimeamua hivyo makusudi, na sababu utaiona huko mbele.

Hii ni mara ya nne naianza. Naandika mistari miwili, nainuka. Natoka kwenda kununua uzi ambao ndani ninao. Juzi nimemshonea mteja gauni, mkono mmoja nikaupachika ndani nje, mimi fundi wa miaka kumi na mbili hapa Sofu, Kibaha. Shemeji yako ananitazama tu, ananiuliza kama naumwa. Siumwi, kaka. Siwezi kutulia.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza, baada ya kumzika baba? Mama alikuwa hatoki nyumbani pale Kisarawe, hata shamba la mihogo kaliacha liote majani. Wewe ukatutangazia kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya Idd tutalizunguka bwawa la msituni kwa miguu, wakubwa na watoto, na Jumapili tutakwenda kutembea pwani. Mama akasema hajawahi kuona watu wazima wanaotembea bila kwenda popote. Lakini asubuhi ile tulimkuta amevaa makubazi, ameketi barazani anatusubiri, anauliza mbona tumechelewa.

Wote tulikuwa tukiliita bwawa. Wewe ulishikilia kwamba ni ziwa, ukabishana na mama mdogo Zuhura njia nzima, hadi akakubali ili upunguze maneno. Tulikwenda kwa mwendo wa Rehema, ambaye alikuwa na miaka minne. Akisimama kutazama siafu, tunasimama wote. Ulimwonyesha mabungo, ukampasulia moja kwa jiwe, akakunja uso kwa ukali wake kisha akaomba lingine. Kule juu kilimani ulimbeba mabegani ukamwonyesha bahari, mstari mwembamba tu wa buluu nyuma ya majengo ya Dar. Ukamwambia, "Kesho tutaigusa ile." Na kweli kesho yake tuligusa. Tulishuka Kaole maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kandokando ya mikoko hadi karibu na Bagamoyo mjini, mama amekunja kanga hadi magotini, anacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Tukafanya hivyo mwaka wa pili pia. Wa tatu ndio huo.

Mpangilio ulikuwa wako: mimi na Rehema mbele, wengine katikati, wewe nyuma na mama na dumu la maji. Ukoo mzima unajua kilichotokea baadaye. Tulipofika pale penye gogo la kupumzikia, Rehema hayupo. Mimi ndiye niliyeuliza kwanza. Nilikuuliza wewe, mbele ya wote, "Mtoto yuko wapi?" Nikauliza kama mtu aliyekukabidhi mtoto mkononi. Ukasema ulijua yuko kwangu. Nikapiga kelele kwamba nilimleta kwako. Uliweka dumu chini ukaingia kichakani.

Saa tatu nzima, kaka. Shemeji yako na askari wa misitu walikwenda upande wa barabara. Mama alikaa kwenye gogo anasoma dua. Mimi nilikuwa nasimama kwenye ukingo wa maji, naondoka, narudi, natazama kama kuna kitu kinaelea. Mwishowe ukatokea upande wa pili wa maji, umempakata. Ulikuwa umepoteza kiatu kimoja, miiba imekuchana mikono na shingo. Yeye alikuwa mzima, mdomo umejaa utomvu wa mabungo, wala halii.

Ulipotufikia nikamnyakua. Nikakwambia, watu wote wakisikia, "Nilikupa mwanangu ukampoteza. Usimguse tena maishani mwako."

Ulijibu kwa sauti ndogo, "Yuko mzima. Hilo ndilo kubwa." Ukachukua dumu, ukatangulia njiani peke yako, mguu mmoja pekupeku. Jumapili ile hakuna aliyekwenda pwani. Mwezi haukuisha ukaondoka kwenda Tunduru kwenye mashamba ya korosho, na mama akabaki na nyumba. Mama mdogo Zuhura akasambaza kwamba Shabani si mtu wa kuachiwa mtoto. Nilimsikia. Sikumkatiza.

Sasa nisikilize. Rehema ana miaka tisa. Mwezi uliopita mwalimu wao aliwapa insha juu ya safari wasiyoisahau. Akaniletea daftari nisaini. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, na katikati kuna sentensi hizi, nazinakili kama zilivyo: "Nilikuwa na kiu. Mama alikuwa anaongea na simu. Akaniambia rudi kwa mjomba akupe maji. Mjomba hakujua kama ninakuja."

Nilisaini. Nikalifunga daftari nikampa. Akaniuliza kama insha ni nzuri, nikamwambia ni nzuri sana.

Ndivyo ilivyokuwa, Shabani. Mteja alipiga simu kuulizia gauni la harusi, mtoto ananivuta dera, nikamwelekeza nyuma kwa kidole bila hata kugeuka kutazama kama unaonekana. Njia ilikuwa imepinda, nyinyi mlikuwa bado mbali. Akashika kinjia kidogo kinachoshukia majini. Nilipofika kwenye gogo nilikumbuka papo hapo. Usidhani nilisahau. Nilikumbuka kabla hata sijafungua mdomo, na bado nikakuuliza wewe. Niliogopa baba yake atanitazamaje. Baadaye niliendelea kunyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Nilianza na shemeji yako. Nilimwambia akiwa anakunywa chai. Aliiacha chai ikapoa, kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtu amekaa Tunduru kwa kosa letu." Alisema letu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa tulikwenda Kisarawe. Nilimwambia mama nikiwa nimepiga magoti, na mama mdogo Zuhura yupo, nilimwita makusudi. Mama mdogo alijifunika uso kwa mtandio. Mama hakulia. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema utakuwa unajua kwamba hukukabidhiwa mtoto, lakini hujui nilimrudisha nyuma mimi. Akasema, "Basi hujaniambia kitu. Kamwambie mwenyewe, na uwaambie wale wote waliokusikia siku ile." Akaingia ndani kuswali.

Jumamosi Rehema aliomba twende bwawani. Nilikuwa nimekataa kwa miaka mitatu. Tulikwenda watatu, yeye, baba yake na mimi. Nilimshika mkono kwa nguvu hadi akalalamika kwamba namuumiza. Pale penye kona alinionyesha kile kinjia, akanieleza bila hofu yoyote kwamba alifika majini, akaona hakuna mtu, akafuata ukingo kwa sababu wewe ulimfundisha kwamba ziwa ukilizunguka utarudi ulikoanzia. Ndiyo maana ulimkuta ng'ambo. Hakuwa amepotea ovyo, kaka. Alikuwa anafuata maneno yako. Nilikaa chini katikati ya njia, watu wanapita na watoto wao, wananisalimia.

Tangu siku hiyo ndio situlii kabisa. Nafua nguo ambazo hazijachafuka. Nimekwenda stendi mara mbili kuulizia basi la kusini, nikarudi, kwa sababu sijui kama mlangoni kwako nitafunguliwa, na sina haki ya kukulazimisha uchague mbele ya uso wangu.

Kwa hiyo nawaambia wote mnaosoma: Shabani hakumpoteza mtoto. Nilimpoteza mimi, nikamsingizia, na mkanisadiki kwa sababu nilikuwa nalia. Mwenye neno aje kwangu Sofu, nyumba mnaijua.

Na kwako wewe: sitaki uniambie umenisamehe ili nipate kutulia. Kama ni kuhangaika, acha nihangaike. Ninachokuomba ni mama. Magoti yamemchosha, maji anayafuata mwenyewe, na shamba limerudi kuwa kichaka. Nenda Kisarawe hata kama siku hizo utataka nisikanyage. Nitakaa Kibaha. Ila Rehema nitamruhusu aje, kwa sababu lile neno la usimguse nimelifuta mbele ya ukoo wote, na yeye hakuwahi kulikubali.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho kilipaswa kutangulia siku ile, kabla ya neno lingine lolote, ulipotokea ng'ambo ya maji na mguu wako unatoka damu. Nimechelewa miaka mitatu.

Ahsante kwa kunirudishia mwanangu.

Mdogo wako,
Mwanaidi, mama yake Rehema