Kwa Baba Yetu, Uliyegoma Kula Ili Mama Apumzike

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu ututoke, na leo tumeamka na amani ambayo hatukuitegemea. Machozi yapo, lakini hapa nyumbani tukianza kukutaja, mara nyingi tunaishia kucheka.

Wateja wako walikuita Redio. Mtu aliingia kwako kunyolewa akatoka na habari za mtaa mzima, na pengine upande mmoja wa kichwa umepungua kuliko mwingine, maana ulipokolea hadithi mashine nayo ilikolea. Watoto walioogopa kunyolewa waliletwa kwako. Uliwaimbia mpaka ukamaliza, nao hawakujua nywele zimekwenda saa ngapi.

Kisha kiharusi kikakuangusha pale pale kazini. Upande wa kulia ukalegea. Maneno yako yote yale yakakauka, ukabaki na mawili matatu tu. Mama akaacha kazi yake ya udobi hotelini, akaacha na timu yake ya netiboli ya wakongwe, akakubeba. Tunaposema kukubeba hatutii chumvi: kutoka kitandani hadi bafuni, bafuni hadi kwenye kiti, kitini hadi kitandani tena. Tulipotaka kumsaidia alitufukuza. "Nendeni kazini kwenu. Mume wangu namuuguza mwenyewe." Tukamwacha, kwa kuwa hatukuwahi kumwona Mama akishindwa na jambo.

Siku moja kliniki, muuguzi alipomaliza kukupima alimgeukia Mama. "Na wewe mama, unaendeleaje?"

"Mimi sina neno. Mwangalie mzee."

Muuguzi akamfunga kipimo hivyo hivyo. Akasoma, akasoma tena. "Mama, presha yako imeizidi ya mgonjwa. Ukianguka wewe, nani atamwinua mwenzake?"

Mama akacheka, akakisukuma kiti chako mkaondoka. Binti yako, aliyewasindikiza, anasema ulikuwa umeinamisha kichwa kama umesinzia. Kumbe ulikuwa umesikia kila neno.

Kesho yake ukagoma. Mama aliketi mbele yako na bakuli la supu, wewe ukafumba mdomo. Akabembeleza, akabadilisha kijiko, akaongeza chumvi, wapi! "Nimekukosea nini, baba watoto?" akauliza, na machozi yakamtoka. Nasi tukaambiana jikoni kwamba ndiyo maradhi yenyewe haya, yanambadilisha mtu tabia.

Jioni akaja mdogo wako, dereva wa lori, hata mikono hajanawa vizuri. Akachukua bakuli kwa kujaribu tu. Ukala lote.

"Kaka!" akasema. "Kwa shemeji umefunga mdomo kama mlango wa benki, kwangu mimi ninayenuka dizeli unapanua?"

Ukainua mkono wa kushoto, ule mzima. Ukamnyooshea Mama kidole, kisha ukaelekeza kitandani. "Lala," ukasema.

"Unataka kulala?" Mama akauliza.

Ukatikisa kichwa kwa hasira na kumnyooshea kidole yeye tena. "Lala!"

Baba Mdogo ndiye aliyeelewa kwanza. "Shemeji, unafukuzwa ukapumzike." Mama akataka kubisha, kisha akaingia chumbani bila kuvua hata kilemba. Alilala usingizi ambao tulikuwa tumesahau kwamba anaujua.

Hapo ndipo tulipogawana kazi, wewe ukiwa mwenyekiti wa kikao, kwa kichwa tu: ndiyo, hapana, hapana kabisa. Binti yako akachukua kliniki. Mwanao akachukua kukuogesha. Jumamosi zikawa za Baba Mdogo, naye akajitia kukunyoa ndevu. Ulivumilia, Baba! Fundi mzima unatazama kwenye kioo unavyoharibiwa kidevu, na usiwe na maneno ya kumtukana.

Mama naye akaanza kwenda kwenye kikundi cha wanaouguza watu nyumbani, kinachokutana pale pale kliniki. Huko alifundishwa kukuinua kwa nguvu za magoti bila kuumiza mgongo, na huko alisikia wengine wakisema kwa sauti yale aliyokuwa akiyasema moyoni: kwamba wamechoka, kwamba kuna siku wanataka kukimbia, na kwamba bado wanawapenda watu wao. Akarudi amevimba macho, ila mwepesi. Haikuwa rahisi kila mara. Zilikuwepo Jumamosi alizojifanya ana kazi za ndani ili asiende kwenye netiboli tuliyokuwa tumemrudisha. Ukagoma tena. Mara moja uliikataa hata chai mpaka alipovaa raba zake za netiboli.

Siku uliyotutoka ilikuwa Jumamosi, yeye yuko uwanjani. Uliketi na mdogo wako, ukashusha pumzi, ikawa basi. Mama alifika mbio, jasho halijamkauka, akapiga magoti. "Sikuwepo," akawa anasema. "Sikuwepo mimi."

Baba Mdogo akamshika bega. "Shemeji, alikutazama dirishani mpaka ulipokata kona. Akatabasamu. Nilikuwepo, nilimwona."

Maneno hayo yamemlea mwaka mzima. Kwa siri tulikuwa tumejiandaa kuwazika wawili, Baba, leo tunaweza kukwambia. Hofu hiyo imetutoka. Mama anakula, analala, amerudi kazini, na wiki iliyopita alichaguliwa nahodha wa wakongwe. Anapiga kelele uwanjani hadi mwamuzi anamwomba apunguze.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi; mdogo wako dereva; binti yako na mwanao; wakwe na wajukuu zako; vinyozi wenzako na wateja wako wote; na kikundi cha wauguzaji, ambao wanakuita shujaa wao ingawa hawakukuona ukisimama.

Pumzika, Baba. Mama tunaye, mzima, na zamu zetu kwake hatujaziacha. Tutakukumbuka maadamu tunaishi.