Miwa Iliyopita Umri

Jumatatu, 12 Januari

Nimefukuza tumbili tena. Kazi ya kila alfajiri: kopo, fimbo, mpaka wa chini hadi wa juu, kisha uji.

Leo nilivunja muwa mmoja niutazame ndani. Katikati umekauka, mweupe kama sufi. Ungalikatwa wakati wake ungalitiririka hadi kiwikoni. Sasa hata tumbili wanautema. Wao wana akili, hawakutia saini.

Mimi nilitia. Kiwanda cha sukari kitoe mbegu na mbolea, mimi nitoe shamba. Mavuno matatu. Mawili yamekwenda. Hili la tatu likishafika kwenye mizani ya kiwanda, shamba linarudi mikononi mwangu. Kabla ya hapo sina ruhusa ya kung'oa wala kuuza kwingine, na hicho kwingine chenyewe hakipo. Kiwanda ni kimoja.

Shamba hili aliniachia mjomba, ndugu ya mama, kama alivyoachiwa yeye. Mimi nitamwachia binti yangu Rehema. Nataka nimpe likiwa na muhogo, mikorosho na mahali pa kupumua. Sitaki kumpa mkataba.

Jumatano, 14 Januari

Hamisi amerudi kabla ya adhuhuri. Hakupata kitu. Amelala.

Mume wangu huyu alikuwa dereva wa malori makubwa kule mgodini. Mgodi ukafungwa, akarudi na kofia yake ngumu na buti. Kofia ipo juu ya kabati. Naipangusa vumbi na kuichukia.

Kila asubuhi huenda kusimama kwenye lango la kiwanda pamoja na wenzake wa mgodini: madereva, mafundi, hata mpishi wa kambi. Wanaomba kukata miwa, kazi waliyoicheka walipokuwa na mishahara. Hata hiyo hawapati. Wakataji huletwa na mkandarasi kutoka mbali, kwa basi.

Simsemi. Nikianza nitasema yote.

Jumamosi, 24 Januari

Afisa wa shamba amepita na pikipiki. Kijana wa bara, mpole, amejifunza kusema shikamoo na anaisema vizuri. Nilimpa maji, akanywa amesimama.

Nilimuuliza miwa yangu itakatwa lini. "Mama, block yenu bado iko kwa line," akasema. "Tractor mbili ziko garage. Mtapigiwa tu."

Nikamwambia miwa imeshapita umri, inaoza ikiwa imesimama. Akasema anajua. Hapo ndipo iliponiuma. Ningependa asijue.

Mkataba wake yeye mwenyewe ni wa miezi mitatu mitatu. Aliniambia wakati wa kuondoka, bila kuulizwa. Siwezi hata kumchukia vizuri.

Alhamisi, 5 Februari

Rehema amepiga simu kutoka Ukunda. Hoteli imejaa wageni, dobi wanafua shuka mpaka mikono inababuka. Yeye bado ni kibarua. Huitwa wageni wakiwepo, na wakiondoka huambiwa apumzike.

Anasema niache kila kitu niende nikae naye, atanitafutia kazi ya kumenya mboga jikoni. Nikamwambia shamba je? Akasema, "Mama, shamba halikimbii."

Kweli. Halikimbii. Limekaa hapo tu, nami nimekaa nalo.

Jumapili, 8 Februari

Jana shamba moja ng'ambo ya barabara kuu lilishika moto. Leo asubuhi matrekta yalikuwa hapo, wakataji kibao, trela zinajazwa.

Kila mtu huku anajua siri hii isiyo siri. Muwa uliochomwa hauwezi kungoja, unachacha. Kiwanda kinakimbilia kuuchukua kabla haujaharibika, ingawa kwa bei ya chini. Mwenye shamba huapa kwamba ni kipande cha sigara cha mpita njia. Nimesikia habari za mpita njia huyu miaka mitatu sasa. Anavuta sana.

Hamisi alikula macho yakiwa kwenye shamba letu. Kisha akasema, "Moto ni moto tu, mama Rehema."

Nimekataa. Upande mmoja tunapakana na Mama Mutua, na jiko lake ni la makuti.

Jumatano, 11 Februari

Hawajapiga simu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeshindwa. Nimekubali. Si Hamisi aliyenishinda, ni zile fimbo kavu za miwa zinazogongana upepo ukivuma. Nazisikia nikiwa naswali.

Nilikwenda kwa Mama Mutua mchana. Wazazi wake walikuja kutoka Ukambani wakapewa ploti hapa, tumekua na mpaka mmoja, tumegombana juu ya mbuzi tangu tukiwa wasichana. Miwa yake nayo imesimama kama yangu. Nilimwambia wazi: nachoma kesho baada ya alasiri, kabla Ramadhani haijaingia, upepo ukitulia. Afunge mbuzi mbali, amwagie makuti maji.

Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua uso. "Sawa, Mama Rehema. Mungu atatulinda."

Tumefyeka ukanda mpana mpakani, mimi na Hamisi. Alifanya kazi vizuri. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mgongo.

Jumanne, 17 Februari

Nimelichoma.

Hamisi alishika kiberiti, akawasha njiti tatu, zote zikazima. Nikakichukua. Moja ilitosha.

Sauti ya moto ni ya mvua kubwa juu ya mabati. Panya walitoka, kware wakaruka, na mimi nimesimama pale uso unaniungua na ninafurahi. Naandika hivyo hivyo. Nilifurahi. Miezi yote hii ya kuambiwa ngoja, leo nimefanya kitu.

Kisha nikageuka. Moshi ulikuwa unapanda kwa Mama Mutua, upande wake wa mbali. Nikadhani ni cheche zetu, nikaanza kukimbia. Hamisi akanishika kanga. Akanionyesha upande wa mto. Moshi. Nyuma ya msikiti, moshi. Kule kwa kina Mwinyi, moshi mwingine, mnene.

Wote tulikuwa tunangoja upepo utulie. Wote tulitaka kumaliza kabla ya mwezi kuandama.

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya pili ya mfungo. Jivu limeingia kwenye maji ya kunywa, kwenye unga, kwenye shuka.

Afisa amepita, hakuzima pikipiki. "Mama, mmechoma wote," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Mashine haziwezi kumeza yote. Wataanza na mashamba yaliyo karibu na kiwanda.

Sisi hatupo karibu na kiwanda.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kumbe zetu ni za kichwa kimoja.

Alhamisi, 26 Februari

Miwa inanuka. Harufu ya tembo la mnazi lililolala. Nafunga na pua yangu imelewa.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekwenda kwenye ofisi ya kiwanda pamoja na Mama Mutua. Tulikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, ametusikiliza kwa adabu zote. Kisha akatueleza. Mavuno ni yale yaliyopita kwenye mizani. Yetu hayakupita. Kwa hiyo la tatu bado hatujavuna. Tufyeke mabaki, tuache vishina viote upya, tungoje msimu ujao.

Nikamwuliza, kama sitaki?

Akasema, "Mama, mkataba unataka."

Njiani nilikuwa na hasira na mtu mmoja tu aliyekuwa karibu. Nikamuuliza Mama Mutua kwa nini hakuniambia kwamba naye angechoma siku ile ile. Hakusimama. "Wewe ulikuja kuniambia niokoe mbuzi," akasema. "Nikaona niokoe na miwa."

Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo. Tulitembea mpaka njia panda, na hapo akanikumbusha kwamba beberu wangu amerudi kula mchicha wake.

Jumatano, 18 Machi

Tumefyeka mabaki yote. Mashina yamebaki.

Leo nilijaribu kung'oa. Siri. Mstari mmoja tu, ule wa nyuma ya nyumba, nipande muhogo wa kula. Shina moja lilinila asubuhi nzima. Mizizi yake imekwenda chini kuliko kisima. Hamisi akatoka ndani na buti zake za mgodini, akachukua sururu, akapiga na yeye. Tulifikia la nne tukakaa chini. Koo kavu, maghrib bado mbali.

"Mgodini tulikuwa tunachimba kilima kizima kwa siku," akasema. Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Nikacheka nami, halafu nikajikuta nalia, naye akajifanya hanioni.

Mashimo manne. Nimepanda mihogo minne.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Usiku kucha na leo mchana.

Nilitoka ilipopungua. Shamba lote lina vidole vya kijani, mstari kwa mstari, kutoka mpaka hadi mpaka. Sikupanda mimi. Sikutia mbolea. Nimelichoma kwa mkono wangu na limeota.

Nilisimama kwenye matope nikasema kwa sauti, silitaki. Hakuna aliyesikia ila beberu.

Alhamisi, 16 Aprili

Rehema amekuja na begi lake kubwa. Nilijua nilipoliona begi. Wageni wamekwisha, hoteli imefunga nusu ya vyumba. Wameambiwa watapigiwa.

Nilimpikia mbaazi. Baba yake alimuuliza habari za Ukunda, akasema nzuri.

Jumapili, 19 Aprili

Niliamka nikakuta jembe la pili halipo.

Nilimkuta Rehema shambani, kanga imefungwa kiunoni, anapalilia maotea ya miwa. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameshamaliza mstari mmoja na nusu, mzuri, magugu yamelazwa upande mmoja kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Nilitaka kumwambia aache. Nilitaka kumwambia hili silo nililokuwa nikimwekea. Nikampa chai.

Alikunywa amesimama. Akauliza kama muhogo ule nyuma ya nyumba ni wangu. Nikasema ni wako.

Kisha nikachukua jembe langu nikaingia mstari wa pili. Ardhi ni laini baada ya mvua. Tumepalilia mpaka jua likawa kali. Maotea ni mazuri mwaka huu. Tumbili bado hawajayaona.