Daktari wa Neno Moja

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, ila cherehani inakohoa. Wateja wote nimewaambia karibuni utakuwa daktari. Jirani wa duka la vitambaa ameshaandika maradhi yake, kurasa mbili. Unarudi lini umtazame?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio unadunda. Nilikueleza, Mama: udaktari wangu ni wa lugha! Miaka minne nachunguza neno moja la Kilatini, *poeta*, yaani mshairi. Warumi walilitoa kwa Wagiriki, na kwao maana yake ya asili ni mtengenezaji. Huishia na -a na kubadilika kama majina ya kike, lakini vivumishi vyake huwa vya kiume. Neno halinisumbui. Wanaonisumbua ni maprofesa watano nitakaowaeleza tarehe 14 Aprili. Mara ya kwanza sauti ilikauka, nikatoka nje. Nikishindwa tena, basi tena.

Bintiyo

25 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na ufute machozi. Mtengenezaji? Kumbe na mimi mshairi! Njoo Jumamosi. Wanakwaya kumi na wawili wanakuja kujaribu sare. Mimi nitawabana pini, wewe utawaeleza. Mwenye pini kiunoni hakimbii, wala hacheki sana.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Bado namsikia yule mwanakwaya wa sauti nene: "Yaani limevaa gauni, na ni mwanamume?" Nawe, pini mdomoni: "Si kama kijana? Ana ki- ya kiti, mbona husemi kijana kimekuja?" Nilibabaika mpaka kwa mteja wa nne. Wa tano akasema, "Hebu rudia, dada, tamu hiyo."

Bintiyo

20 Aprili

Daktari wangu,

Hujambo? Ujumbe wako wa "Nimepita" nimeusoma dukani, nikausoma kituoni, nikamsomea hata fundi viatu asiyeniuliza. Kwaya imeimba mpaka mshono umeachia. Jirani naye, domo halimtulii, akauliza, "Daktari wa nini hasa?" Nikamwambia ukweli: wa neno moja. Akaangua kicheko. "Miaka minne, neno moja!"

Nikamwambia, "Wewe, shoga, una maneno elfu kwa siku, na hakuna hata moja lililowahi kutibiwa."

Mama Daktari