Waya wa theluji kwenye shimo la ndizi

Makere, Jumamosi, 1996

Nina miaka sabini na moja. Nimezika kaka zangu wote na jenereta mbili.

Waya ule wa umeme wa kuyeyushia theluji, unaopata moto, nilioachiwa na wazungu wa kambi ya wakimbizi, ni mimi tu niliyewaza kuufukia shimoni uivishe ndizi za pombe ya harusi ya binti yangu. Leo shimo ni baridi, ndizi mbichi. Wakwe watakunywa nini? Jenereta nzima, swichi nzima. Nikafukua. Waya umekatwa kwa kisu, kipande hakipo.

Yohana, rafiki yangu tangu utotoni, akasema, "Mzee mwenzangu, nilidhani kamba."

Ilhali waya tuliufukia wote wawili, mimi na yeye.

Anayebisha amuulize mke wangu Anjelina. Au amtazame mbuzi wa Yohana, shingoni.