Msitoke Alfajiri

Lahore, 3 Novemba

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, ila macho yanawasha. Kifua chako kinaendeleaje? Simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika.

Baba, nakusihi, msafara wa harusi wa kumfuata bibi harusi wa binamu Shehroz usitoke alfajiri. Kazi yangu hapa chuoni ni kupima hewa, na ninayoyaona yananinyima usingizi. Moshi wa mabua ya mpunga na wa magari ukikutana na hewa kali ya mbolea, hugeuka chembe za chumvi, ndogo mno. Mchana zikikauka, mtu huona mbali kidogo. Alfajiri unyevu ukipanda, zinakunywa maji, zinavimba, zinatawanya mwanga kila upande. Jana msikiti wa ng'ambo ya barabara ulipotea huku nautazama. Ondokeni adhuhuri.

Mwanao,
Zarnab

Okara, 8 Novemba

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Kifua kinakohoa, lakini kipo. Mama yako anauliza: unakula, au unapima hewa tu?

Nimemsomea Tufail, dereva wa basi la msafara, barua yako. Kacheka hadi kafuta machozi: "Chumvi angani? Mwambie dada atuletee na pilipili!" Wakwe wa Multan wanatungoja na chai ya asubuhi. Tukichelewa watasema tumemkinai binti yao. Tutatoka baada ya swala ya alfajiri.

Baba yako

Lahore, 11 Novemba

Baba,

Assalaam aleikum. Sijui kama mmelala salama, mimi sikulala. Leo watu wamegongwa mbele ya lango letu, na gari lilikuwa limewasha taa. Taa kali hazisaidii, Baba. Mwanga ukizipiga zile chembe unarudi machoni mwa dereva. Msipoona mbele, shukeni wote, mkae mbali na barabara, hata wakiwacheka. Nijibu upesi.

Zarnab wako

Okara, 24 Novemba

Zarnab mwanangu,

Assalaam aleikum. Mimi na mama yako tu wazima. Shehroz mzima, ameoa.

Barua yako ilifika jioni ya kuamkia safari. Niliitia mfukoni, sikumsomea Tufail. Karibu na Sahiwal dunia ikafutika. Tufail akawasha taa zote. Mbele pakawa peupe, hata pua ya basi hatuioni. Nikapiga kelele, "Simama! Wote chini!" Shangazi zako wakanifokea: "Mzee una wazimu? Na dhahabu hizi tukae matopeni?" Niliwasukuma, mwanangu, niliwasukuma hadi shambani. Tufail akasema, "Mjomba, basi haliwezi kukaa katikati ya njia. Nalisogeza, nakuja."

Lori lilitoka nyuma. Hatukuliona. Tulilisikia tu.

Ndoa ilifungwa magharibi, bila ngoma. Jana nilikwenda kwa mjane wa Tufail. Akaniuliza, "Mzee, watu wote walishuka. Mbona wangu alibaki?"

Nilikaa pale hadi chai ikapoa. Njoo, mwanangu. Twende kwake wote wawili.

Baba yako